Nungu Ameniua

Haya niliyapata kwa mtoto wa marehemu dada yangu, yule mpelelezi, msimu wa mvua alipoacha kazi akaja kwangu kuliuguza goti. Tulikuwa tumekaa mlangoni tunachambua mchele. Hakuwa mtu wa kusimulia ya kazini, lakini siku hiyo aliokota kijiwe kwenye ungo, akakigeuza kiganjani, akasema, "Mama mdogo, kuna mtu aliuawa na kitu kidogo kama hiki." Basi mchele ukangoja. Sikutia chumvi, yenyewe yalikuwa nayo ya kutosha.

Wenzake kazini walimwita Sematena. Hakuwa mpiga meza wala mtukanaji. Mtu akimaliza kumweleza jambo, yeye husema, "Sema tena." Akirudia, "Sema tena." Mwongo huchoka njiani, mkweli hufika. Mumewe alikuwa akisema ni heri mtu alale huko huko aliko kuliko kurudi akaulizwa alikuwa wapi.

Asubuhi hiyo alikuta faili mezani, limebaki kutiwa sahihi yake tu. Mzee mmoja, fundi wa mageti ya chuma, alikuwa amekutwa karakanani kwake ana tundu dogo shingoni na damu imemlowesha kifua chote. Aliyekamatwa ni mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, ambaye walifanya kazi pamoja. Mtaa mzima ulimwita huyo mkwe Nungu. Na mzee, kabla hajakata roho, alimtaja mikononi mwa binti yake mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa hivyo: "Nungu ameniua." Kesho yake Nungu alikuwa apelekwe mahakamani kwa kosa la kuua, na kosa hilo halina faini.

"Hapa pana nini cha kuchunguza?" Koplo wake aliuliza. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye maneno mengi na moyo mwema. "Marehemu kataja. Jirani kasikia vitisho. Msumari wa kutobolea bati umeokotwa pale pale. Faili limeiva, Mama, limebaki kupakuliwa."

"Mtuhumiwa kasema nini?"

"Hajasema kitu."

"Basi halijaiva."

Nungu alitolewa mahabusu akaketishwa kwenye benchi. Kijana mrefu, nywele zimesimama wima, mikono ina madoa ya rangi nyeusi. Rangi ya geti, si damu. Damu ilikuwa kwenye mikono ya shati.

"Ulimchoma mzee?"

Kijana akakwangua doa la rangi kwenye kucha.

"Mkeo ameandikisha maneno ya baba yake."

"Nimesomewa."

"Ni kweli?"

"Afande, yule mwanamke hajui kusema uongo. Hata nikimwomba amwambie mwenye nyumba kwamba sipo, hakubali, anasema yupo uvunguni." Hakutabasamu. "Akisema mzee kanitaja, basi kanitaja. Nibishane na nani?"

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya karakana, napaka geti rangi. Nikasikia mke wangu analia. Nikaja mbio, nikamshika mzee, nikaona hana pumzi."

"Asubuhi mligombana."

"Kila asubuhi tuligombana."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya nungu."

"Usituchezee!" Koplo akaruka. "Tumekuuliza mligombania nini, unajitaja mwenyewe!"

Kijana akamtazama kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, asisikie vizuri. Kisha akainamisha kichwa. "Andikeni mtakavyo," akasema, na hakufungua kinywa tena. Sematena alimgeukia Koplo, akamkata jicho moja tu, lakini lilitosha mpaka jioni.

Nyumbani kwa marehemu mabenchi yalikuwa nje na wanawake wamejaa mikekani. Maiti ilikuwa bado hospitali. Binti wa marehemu alitoka kuwapokea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kitambaa kichwani, macho yamevimba, lakini mgongo umenyooka kama yuko mbele ya darasa. Mama yake alikuja nyuma yake taratibu, ameshika ukuta.

Koplo alitaka kulainisha mambo. "Poleni sana, Mwalimu. Poleni, mama. Naona na kuku zenu zimeingia sebuleni."

"Wameingia," Mwalimu akasema.

"Nani?"

"Kuku. Ni viumbe hai. Kuku wenu wameingia."

Koplo akajikuna shingo. "Ndiyo, Mwalimu. Wameingia." Sematena akameza kicheko, katika nyumba ya msiba jino halikai nje.

Wakaketi chumbani. Mwalimu alieleza bila kuulizwa mara mbili. "Nilimpelekea chai. Nikamkuta ameanguka kando ya meza ya kazi, mkono umeziba shingo. Nikampakata. Akanitazama, akasema, 'Nungu ameniua.' Hakusema zaidi."

"Sema tena."

Akasema tena.

"Sema tena, mwanangu."

Akasema vile vile, neno kwa neno, kama somo lililokaririwa. Sematena hakupenda. Mtu anayekumbuka hubadilisha kidogo kila anaporudia. Hukumbuka chai ilimwagika, hukumbuka inzi. Huyu alikuwa hakumbuki, alikuwa anasoma.

"Jina la Nungu alipewa na nani?" akamgeukia mama mtu.

"Na marehemu." Mjane alizungumza akiutazama mkeka. "Siku aliyokuja kujitambulisha, wengine huleta kitambaa, huleta kofia. Yeye alimletea mzee tindo. Chuma cha kukatia chuma! Chapa Nungu. Nilisema huyu kijana kaja kuposa au kaja kuomba kazi? Mzee akaikumbatia ile tindo, akasema mkwe nimempata. Akaanza kumwita Nungu. Likamganda."

Chapa hiyo hata nyinyi mnaifahamu. Yule nungunungu mdogo aliyeinua miiba, amegongwa kwenye nyundo, kwenye koleo, kwenye tindo. Baba zetu walirithishana. Mtu alikuwa akiuza baiskeli asiuze nyundo yake ya Nungu.

"Kijana alimpenda baba mkwe wake?"

"Alimpenda." Mjane akainua uso. "Sasa nizike mume, na mkwe nimzike akiwa hai? Mniambie nianze na yupi."

Mwalimu alikuwa amegeukia dirisha. Tangu mumewe akamatwe hakuwa amempelekea hata sahani ya chakula.

Karakana ilikuwa chumba kirefu cha mabati, sakafu ya saruji imejaa chembechembe za chuma. Mlango wa pili palikuwa na fundi wa kuchomelea, mtu mfupi mwenye kovu la moto kidevuni. Ndiye aliyesikia vitisho.

"Nilisikia kwa masikio yangu haya," akasema. "Mkwe alipiga kelele, 'Nitakuua!'"

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nasaga nondo na grainda."

"Grainda inalia?"

"Inalia kama imefiwa."

"Sema tena ulichosikia."

"'Nitakuua.'"

"Sema tena. Kile tu kilichopita kwenye kelele za grainda."

Fundi akafumba macho. "'...takuua.' Mwanzo wake, nikisema haki ya Mungu, ulimezwa. Lakini mtu akisema takuua, si atakuwa ni yeye anayeua?"

"Baada ya hapo?"

"Mkwe akaenda nyuma, anasonya. Mzee akaendelea kugonga."

"Kugonga?"

"Nyundo na tindo. Alikuwa anakata boliti ya bawaba, imeota kutu. Ko, ko, ko. Kisha nyundo ikanyamaza. Nikasema mzee anapumzika. Kitambo kidogo Mwalimu akaja na chai, nikasikia mayowe."

Sematena alisimama mbele ya meza ya kazi. Bawaba ilikuwa bado imebanwa kwenye jiliwa, boliti imekatwa nusu. "Koplo, mtu ametishiwa kuuawa. Amegeuka akaendelea na kazi yake, kampa mgongo aliyemtishia?"

"Labda alimdharau."

"Na huyo muuaji amekuja kumchoma shingoni kwa mbele, mzee ana nyundo mkononi, asimpige hata moja?"

Sematena alipiga goti lile zima, la siku hizo, akainama chini ya meza. Nyundo ilikuwa imeangukia huku, tindo imebingirikia kule chini ya mabaki ya mabomba, hakuna aliyejali kuiokota, kwa kuwa wote walitafuta kitu chenye ncha. Akaitoa kwa kitambaa. Ilikuwa mpya, rangi haijachubuka, nungunungu yuko ubavuni ameinua miiba. Lakini kichwani, pale panapopigwa na nyundo, palikuwa na pengo. Kipande kidogo kimeruka, na mahali kilipotoka palimetameta kama jino lililovunjika sasa hivi.

Fundi wa kuchomelea alichungulia begani. "Aa, nungu hizi. Hata yangu imemeguka juzi juzi, ikanikosa jicho."

Sematena hakugeuka. "Sema tena."

"Ikanikosa jicho."

"Kabla ya hapo."

"Nungu yangu imemeguka."

"Imemeguka. Si amemeguka?"

Fundi akacheka, kisha akakumbuka alipo, akaziba mdomo. "Hicho ni Kiswahili cha Mwalimu. Humu ndani nungu akiwa mtu, yupo; nungu ikiwa chuma, ipo. 'Nungu, nipe nungu yangu.' Tungeelewana vipi? Mwalimu alikuwa akija anatusahihisha: semeni nungu amevunjika, nungu ni mnyama. Baba yake anamjibu, 'Mwanangu, siku hii itakayopumua nitaiita a.'"

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Herufi moja," Sematena akasema. "Twende dukani."

"Ni bandia, Mama," Koplo alisema njiani. "Tumkamate muuzaji, kesi imekwisha. Mjini kila kitu bandia, mpaka mawigi."

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa mzee nadhifu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Hakukana kumuuzia marehemu tindo. Alishusha katoni ambazo hazijafunguliwa, akaonyesha muhuri wa kiwanda, alama za forodha, jina la wakala. Sematena alikagua kimoja kimoja. Hapakuwa na bandia.

"Nungu ni huyu huyu," mwenye duka akasema. "Kiwanda kilipata wamiliki wengine. Wakaacha jina, wakaacha mnyama. Kilichobaki wakabadilisha."

"Unayo ya zamani?"

Akainama, akatoa tindo moja chini ya kaunta, nyeusi kwa umri, kichwa kimetandazika kama uyoga kwa kupigwa. "Hii yangu. Haiuzwi."

"Nipe na tupa ya kunolea."

Sematena alipitisha tupa kwenye kichwa cha ile ya zamani. Tupa ikauma, unga wa chuma ukadondoka kwenye kioo cha kaunta. Akapitisha kwenye kichwa cha mpya. Tupa ikateleza, ikalia kama ukucha kwenye sahani. Haikuuma hata chembe.

"Lakini ngumu ndiyo nzuri," Koplo akashangaa.

"Mweleze," Sematena akamwambia mwenye duka.

Yule bwana alivaa miwani, akaivua. "Tindo inatakiwa iwe ngumu mdomoni tu, ndipo ikate. Kichwani huachwa laini, kipokee nyundo. Zamani walikuwa wanainywesha maji mdomo peke yake, mmoja mmoja, kazi ya subira. Siku hizi wanaipasha yote, wanaitosa yote. Kichwa kinakuwa kigumu kama gilasi. Ukikipiga, kinaruka vipande."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukauza."

"Mteja haji kuomba tindo, mama. Anakuja kuomba Nungu. Nikimwambia chukua hii nyingine, ananiona mwizi." Alifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi zaidi ya lile la tupa. "Mkwewe alijua. Alikuja akanunua chapa nyingine, haina jina, lakini chuma chake kizuri. Kesho yake mzee akairudisha kwa hasira. Akasema mkwe wangu niliyempa jina anataka kuniaibisha mbele ya mafundi, eti Nungu imekuwa mbovu. Mimi nimekula na Nungu, nimeoza binti kwa Nungu. Akachukua hiyo uliyoishika."

"'Kwa ajili ya nungu,'" Koplo akasema polepole. Akafunua daftari lake. "Na ile 'takuua'..."

"Itakuua," Sematena akasema. "Alikuwa anamwambia hiyo itakuua."

Walipokuwa wanatoka na katoni chini ya kwapa kuwa kielelezo, mtu mmoja mwenye suruali ya vumbi la saruji aliingia, akagonga kaunta. "Tajiri, nipe tindo. Chapa Nungu, usinipe matakataka mengine." Jina jema hung'aa gizani, walisema wahenga. Hawakusema kuwa kinachong'aa kinaweza kukutoboa shingo.

Hospitali, daktari aliyeandika "kitu chenye ncha kali" hakufurahi kurudiwa. Alisema tundu lilikuwa dogo, la mviringo mviringo, limekata mshipa mkubwa.

"Tundu la kutokea ulilitafuta?"

"Halikuwepo. Ndiyo maana nikaandika msumari. Umeingia, umechomolewa."

"Na kama kilichoingia hakikuchomolewa?"

Daktari alimtazama, kisha akaitazama ile tindo yenye pengo. Maiti ilipigwa picha ya eksirei, na kwenye picha, chini ya mfupa wa bega, palikuwa na doa jeupe kubwa kama punje ya mahindi. Alilitoa kwa koleo ndogo, akalisuuza, akaliweka kwenye kitambaa. Sematena akalisogeza kwenye pengo la kichwa cha tindo. Likakaa kama jino limerudi kwenye ufizi wake. Hata mstari wa rangi ulikutana.

"Nilitafuta kilichoingia na kutoka," daktari akasema. "Kilichoingia na kubaki, sikukitafuta."

Jua lilikuwa linateremka waliporudi nyumba ya msiba. Sematena alimwita Mwalimu chumbani, na mama yake akakataa kubaki nje. Hakumwonyesha tindo. Hakumwambia lolote.

"Mwalimu, niambie tena maneno ya baba. Lakini safari hii usimsahihishe."

Mwalimu akakaza kitambaa kichwani.

"Alikuwa anakata roho," akasema mwisho. "Ulimi ulikuwa mzito."

"Alisemaje?"

"Hakuwa anajua anachosema."

"Alisemaje, mwanangu?"

Mwalimu alizungumza na vidole vyake. "Alisema... nungu imeniua."

"Na polisi ukawaandikisha?"

"Nungu ameniua. Nilikuta damu, nilikuta watu wanasema mume wangu alimtishia. Nungu ni mtu, haiwi imeniua, ni ameniua. Nilidhani amekosea. Maisha yangu yote nimemsahihisha baba pale pale, yeye anacheka." Akainua uso. "Mama, alikuwa amekosea?"

Mjane alishika mdomo kwa mikono miwili. Sematena akafunua kitambaa.

Nungu aliachiwa jioni ile. Mwalimu alimsubiri mlangoni pa nyumba, amesimama, akanyoosha mikono lakini isifike. Mumewe alikuwa ameshaambiwa yote garini, tindo na punje ya chuma na herufi. Sematena alisimama kando. Ilimpasa aondoke, akashindwa.

"Nisamehe," Mwalimu akasema.

Nungu hakuonekana kusikia. "Mzee alisema imeniua?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake? I?"

"I."

Kijana akaketi kwenye kizingiti. "Basi alikubali," akasema. "Siku zote nilimwambia nungu imeharibika, anakataa. Alikuwa ananiambia ulikuwa sahihi, mkwe wangu. Alinipa ushindi, ukafika polisi ni kosa la jinai." Akacheka kidogo, kicheko kibaya, halafu akalia kwa sauti, mbele ya watu wa msibani, na hakuna aliyemwambia mwanamume halii.

Mjane alimwinua mwenyewe. "Njoo, mwanangu. Njoo ulale. Kesho tunamzika baba yenu." Akamlaza kwenye mkeka pembeni yake, akamfunika kanga, na mtu ambaye hakuwa amefumba jicho tangu akamatwe akazama kama jiwe.

Koplo alisinzia garini kabla hawajafika kona. Sematena alifika kwake, akachukua nyundo yake ya Nungu ya kuvunjia mkaa, akaikagua kichwa kwa kidole, akaiweka juu kabatini. Ilikuwa ya zamani, ya mama yake. Hata hivyo akaiweka juu. Akalala bila kula.

Aliyebaki macho ni Mwalimu. Hili Sematena aliambiwa na mama mtu siku za baadaye. Alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mumewe, asimguse, taa ikiwa imeshushwa, midomo ikicheza bila sauti kama mtoto anayejifunza kusoma. I, akasema. I. I. Mama yake akamwambia basi, mwanangu, imetosha. Akanyamaza kidogo, kisha midomo ikaanza tena, polepole, ikawa mizito, ikakoma katikati ya neno, na kichwa kikamwangukia ukutani, naye akalala.